Jasho la Mke: Haki za Binadamu, Mila na Sheria ya Familia nchini Moroko



Nimeombwa nizungumzie haki za binadamu katika jamii zenye Waislamu wengi. Mada hii kila ikiletwa, watu hugawanyika kabla hawajakaa vitako. Wako wasemao kwamba haki hizi ni za Wazungu, zimebuniwa kwao na kuletwa kwetu ili zituvunjie dini na nyumba. Wako wengine wasemao kwamba dini na mila ndizo zilizotukaba roho, na mpaka tuziweke kando hatutaiona haki. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, na naona wote wameruka kitu kimoja: hawajasoma yale ambayo Waislamu wenyewe wameyasema, wameyaandika na wameyapigania. Leo nitawachukua hadi Moroko, na nitashika jambo moja tu, sheria ya familia. Huko ugomvi huu ulipiganwa hadharani, bungeni, barabarani na misikitini, kwa zaidi ya nusu karne, na yaliyotoka humo yanatugusa sisi wa pwani hii ya Afrika Mashariki.

Lakini tupitie Paris kwanza, maana ndiko shutuma zinakoanzia.

Tarehe 10 Desemba 1948 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, likikutana Paris, lilipiga kura juu ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Nchi 48 zilikubali, hakuna iliyopinga, na 8 zilijizuia. Katika hizo nane, sita zilikuwa za kikomunisti. Ya saba ni Afrika Kusini, ambayo mwaka huohuo ilikuwa imeanza kuusimamisha ubaguzi wa rangi kuwa sera ya dola. Ya nane ni Saudi Arabia, na hiyo ndiyo inayotajwa kila siku kuwa ushahidi kwamba Waislamu walilikataa Tamko. Wanaoitaja hawasemi kwamba Misri ilikubali. Iraq, Iran, Syria, Uturuki, Afghanistan na Pakistan zilikubali pia.

Tena hazikukubali kimyakimya. Kifungu cha 18 kinampa mtu uhuru wa kubadili dini, na mjumbe wa Saudi Arabia alikipinga. Aliyesimama kukitetea ni Muhammad Zafrullah Khan, waziri wa mambo ya nje wa Pakistan, na alikitetea kwa hoja ya Kiislamu: dini inayowaita watu waingie haiwezi kuwanyima wengine uhuru huohuo, na Qurani inamlaumu mnafiki, kwa hiyo imani ya kulazimishwa haina faida kwa yeyote. Najua humu ndani wamo watakaosema kwamba Zafrullah alikuwa Ahmadia, kundi ambalo Waislamu wengi hawalihesabu kuwa la Kiislamu, na kwao hilo linatosha kumfunga mdomo. Mimi nasema hoja hupimwa kwa uzito wake, na kura aliyoipiga ilikuwa ya taifa lililozaliwa mwaka mmoja tu nyuma kwa ajili ya Waislamu wa Bara Hindi. Katika ujumbe huohuo wa Pakistan alikuwamo Bibi Shaista Ikramullah, aliyeunga mkono kifungu cha 16 juu ya ndoa akieleza kwamba kitawakinga wasichana na ndoa za utotoni na ndoa zisizo na ridhaa yao. Miaka ya 1950 mwanamke mwingine, Bedia Afnan wa Iraq, alikuwa mstari wa mbele kudai kifungu cha usawa wa wanaume na wanawake, kile ambacho leo ni kifungu cha 3 katika mikataba miwili mikubwa ya haki za binadamu ya mwaka 1966.

Ambao hatukuwapo ni sisi. Zanzibar, Kenya na Tanganyika zilikuwa chini ya Uingereza, na Uingereza ilipiga kura ya ndiyo. Miaka minne baadaye, Oktoba 1952, Uingereza hiyohiyo ilitangaza hali ya hatari Kenya, ikawajaza watu kambini kwa makumi ya maelfu bila ya kuwafikisha mahakamani. Basi babu zetu walipowatilia shaka waliokuja na maneno matamu ya haki, walikuwa na sababu. Sikubaliani na anayeicheka shaka hiyo. Ila shaka ile ilimhusu mkoloni aliyeivunja haki aliyoipigia kura. Mtu asiigeuze ikawa shaka juu ya haki yenyewe.

Sasa twende Moroko, kwa kuwa bila ya kuijua shaka hii hutaelewa kwa nini sheria ya ndoa huko ilikuwa na uzito wa bendera.

Wafaransa waliitawala Moroko kuanzia 1912. Tarehe 16 Mei 1930 walitoa amri iliyowaondoa Waamazighi, watu wa milimani wanaoitwa Waberberi, kutoka mahakama za kisharia na kuwaweka chini ya mahakama za kimila. Walisema wanaheshimu mila za wenyewe. Watu waliliona kusudi lao mara moja: kumtenga Mwamazighi na Mwarabu, ili nchi itawalike. Misikitini, kuanzia Salé hadi Fez, ikasomwa dua ya Ya Latifu, ile inayosomwa watu wanapofikwa na balaa, na hapo ndipo harakati za uhuru zilipopata pumzi. Tangu siku hiyo sharia ya familia ikawa ngome. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1956, mojawapo ya kazi za mwanzo ilikuwa kuiandika sharia hiyo katika vifungu kwa kufuata madhehebu ya Maliki, ikaitwa Mudawwana, ikakamilika 1958. Msemaji wa kamati ile alikuwa Allal al-Fassi, mwanachuoni na kiongozi wa wapigania uhuru. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika kitabu kinachotaka mitala ipigwe marufuku kwa sababu ya dhuluma aliyoiona. Mudawwana ikatoka na mitala imo, mke akiwa chini ya utii wa mume, msichana akiozwa kwa miaka 15, na talaka ikiwa mkononi mwa mwanamume bila ya kumuuliza hakimu.

Hapa naomba mnipe sikio, kwani ndipo kilipo kiini cha mhadhara huu.

Katika karne ya 16, kaskazini mwa Moroko, katika milima ya Ghomara karibu na mji wa Chefchaouen, alikuwapo kadhi akiitwa Ibn Ardun. Aliulizwa juu ya wanawake wa mashambani wanaovuna na kupura nafaka pamoja na waume zao: ndoa ikivunjika au mume akifa, wana chao katika mazao yale? Ibn Ardun alifutu kwamba wanacho, fungu lao kwa kadiri ya kazi yao, kabla hata mirathi haijaanza kugawanywa. Wanachuoni wa Fez walimpinga. Wao walikuwa watu wa mji, wake zao hawakushika mundu. Lakini fatwa ilishika mizizi vijijini, na kusini, katika nchi ya Souss, makadhi waliendelea kuhukumu hivyo kwa karne kadhaa. Waliiita haki ya juhudi na uchumaji. Mjane au mtalaka alikwenda kwa kadhi, mashahidi wakasema alichunga mbuzi wangapi, alisuka mazulia mangapi, alikamua mafuta kiasi gani, na akapewa chake.

Haikuwa fatwa ya wakili wa London wala ya mwanaharakati wa Geneva. Ni hukumu ya kadhi wa Kimaliki, juu ya mila ya Waamazighi, miaka mia tatu na zaidi kabla ya Umoja wa Mataifa kuzaliwa. Na mwaka 1958 wanaume waliokaa kuandika sheria ya taifa huru waliipita kimya. Kwa jina la kuilinda dini na utamaduni, waliacha nje kipande cha dini na utamaduni kilichokuwa kikimlinda mwanamke wa shamba. Anayesema leo kwamba utamaduni wetu hauruhusu hiki au kile, mimi humuuliza: utamaduni wa nani, wa Fez au wa Ghomara? Wa aliyeandika kitabu au wa aliyepura ngano?

Wanawake wa Moroko hawakukaa kimya. Mwaka 1992 walianza kukusanya saini, wakilenga milioni moja, kutaka Mudawwana ibadilishwe. Wakasemwa mimbarini kwamba wametoka katika dini. Mfalme Hassan II alilichukua jambo lile mikononi mwake akiwa Amirul-Muuminina, yaani kiongozi wa waumini, na mwaka 1993 yakatoka mabadiliko machache. Madogo yalikuwa, lakini yalivunja mwiko mmoja mkubwa: ilionekana kwamba maandishi yale yalikuwa kazi ya binadamu na yanaweza kuguswa. Mwaka 1999 serikali ikaleta mpango mpana zaidi wa maendeleo ya wanawake, na nchi ikawaka.

Tarehe 12 Machi 2000 palikuwa na maandamano mawili kwa siku moja. Rabat waliandamana wanaouunga mkono mpango. Casablanca waliandamana wanaoupinga, na hao walikuwa wengi zaidi, na katika safu zao walikuwamo wanawake kwa maelfu, wamejifunika, wakisema kwamba wao hawataki kukombolewa na Benki ya Dunia, iliyoufadhili mpango ule. Watu wa haki za binadamu nje ya Moroko walipenda kuitazama Rabat peke yake. Naona walikosea. Mwanamke wa Casablanca aliyekataa mpango uliochapishwa kwa fedha za wafadhili alikuwa akitetea jambo la haki pia, nalo ni kwamba nyumba yake isipangwe na mtu asiyemjua. Hakuukataa uadilifu, aliukataa mlango ulikopitishiwa.

Mwaka 2001 Mfalme Mohammed VI aliunda kamati ya wanachuoni na wataalamu, na kwa mara ya kwanza wanawake watatu walikaa humo: Zhor El Horr, jaji, Rahma Bourqia, mwanasosholojia, na Nouzha Guessous, mwalimu wa chuo cha udaktari. Walibishana kwa miezi na miezi. Mei 2003 mabomu ya kujitoa mhanga yaliua watu Casablanca, na wapinzani wa mabadiliko wakapoteza nguvu za kupaza sauti. Tarehe 10 Oktoba 2003 Mfalme akalitangazia Bunge sheria mpya, na akaliweka wazi hili, kwamba hawezi kuhalalisha alichokiharimisha Mungu wala kuharimisha alichokihalalisha. Februari 2004 sheria ikaanza kufanya kazi.

Mtazame jinsi ilivyojengwa. Umri wa kuolewa ukawa miaka 18 kwa wote. Familia ikawekwa chini ya ulezi wa mume na mke pamoja. Mwanamke mzima akaruhusiwa kujifungia ndoa mwenyewe au kumpa walii wakala kwa hiari yake; hiyo ni rai ya Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, ikachukuliwa na nchi ya Kimaliki. Mitala haikufutwa, lakini ilipelekwa mbele ya jaji, kwa sharti la uadilifu lililomo katika sura ya An-Nisaa. Talaka ya mume ikawa haipiti bila ya mahakama. Na mlango mkubwa kuliko yote ukafunguliwa kwa aya ya 35 ya sura hiyohiyo, inayozungumzia mfarakano wa mume na mke na kupeleka wapatanishi wawili. Mke akidai mfarakano, mahakama hujaribu suluhu, ikishindikana huwaachanisha, bila ya mke kulazimika kuthibitisha kipigo. Wanawake waliuelewa mlango huu upesi, ukawa ndio njia inayotumika zaidi kuliko nyingine zote za kuachana mahakamani.

Ukiyasoma haya vizuri utaona kwamba hakuna hata moja lililotoka nje ya maktaba ya fiqhi. Kilichotoka nje, na sitakificha, ni msukumo. Moroko ilikuwa imeridhia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1993, na wanawake walikuwa na mkataba huo mkono mmoja na tafsiri ya Qurani mkono wa pili. Misri ilipitia njia ileile mwaka 2000, ilipomruhusu mwanamke ajivue kwa khului mahakamani hata mume akikataa, kwa hadithi ya mke wa Thabit bin Qays aliyerudisha bustani ya mahari. Tunisia ilitangulia zaidi, kwa sheria ya 13 Agosti 1956. Lakini mtu wa kwanza kuyaandika yaliyomo humo alikuwa Tahar Haddad, msomi wa Zaytuna, mwaka 1930. Walimtenga, wakamnyang'anya heshima ya usomi, akafa mwaka 1935 angali kijana. Zaytuna ilimzaa na Zaytuna ilimkataa, na miaka ishirini na moja baada ya kifo chake nchi ikaandika alichokisema.

Kuna upande wa pili wa historia hii nao nitautaja kwa huzuni. Septemba 1983, Rais Jaafar Nimeiri wa Sudan, akiwa amebanwa na madeni na upinzani, alitangaza sharia kwa amri zake. Mzee Mahmoud Muhammad Taha, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, alitoa kikaratasi akisema kwamba amri zile zinaudhalilisha Uislamu na watu wa Sudan. Tarehe 18 Januari 1985 alinyongwa Khartoum kwa kosa la kuritadi. Miezi isiyofika mitatu baadaye Nimeiri akaanguka, na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Sudan ikaibatilisha hukumu ile. Mwanafunzi wake, Abdullahi An-Na'im, amefundisha miaka yote tangu hapo kwamba haki za binadamu hazitasimama katika nchi za Waislamu mpaka Waislamu wazijadili wenyewe kwa hoja zao wenyewe. Namuunga mkono, na kwa ajili hiyohiyo nasema mjadala wa ndani unahitaji kwanza kwamba mjadili asinyongwe. Uhuru wa kusema ndio unaoifanya ijtihadi iwezekane.

Wala msidhani Moroko imemaliza. Sheria ya 2004 iliacha tundu: jaji anaweza kumruhusu mtoto aolewe kwa kueleza sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ndoa za namna hiyo zilikuwa zaidi ya 30,000 kwa mwaka, na maombi mengi yalikubaliwa. Mashambani watu waliendelea kuozeshana kwa kusoma Fatiha tu, kisha wakaenda kuthibitisha ndoa mahakamani baada ya mtoto kuzaliwa. Mwaka 2012 msichana wa miaka 16 huko kaskazini alijiua baada ya kuozwa mtu aliyedaiwa kumbaka, kwa kuwa kifungu cha 475 cha sheria ya jinai kilitumika kumwepusha mbakaji na adhabu akimwoa aliyembaka. Nchi nzima ilitetemeka, na Januari 2014 sehemu ile ikafutwa. Kifungu kile kilitoka katika sheria za Kifaransa. Watu wengi waliamini ni mila ya Kiislamu, wakakitetea kwa jina la heshima ya familia.

Desemba 2024 yalitangazwa mapendekezo ya kuirekebisha tena Mudawwana. Baraza Kuu la Maulamaa lilikataa baadhi ya mambo, kama kuondoa taasibu katika mirathi, yaani kanuni ya jamaa wa kiume kuchukua kilichobaki. Lakini pendekezo moja lilipita: kazi ya mke nyumbani ihesabiwe kuwa mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa. Ibn Ardun amerudi, baada ya miaka mia nne na zaidi.

Nasi tuko wapi? Watafiti waliokaa miezi katika mahakama za kadhi za Mombasa, Malindi na Unguja wamekuta kwamba walalamikaji wengi ni wanawake. Wanakwenda kwa kadhi wakidai masurufu, talaka, mahari yaliyobaki. Wanaijua haki yao na wanaamini kwamba sharia itawapa. Mwaka 1983, upande wa Bara, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Zanzibar, Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imemfungulia kadhi mlango wa kusikiliza mgawanyo wa mali ya wanandoa pale penye mchango. Swali lililobaki ni mchango upi unaohesabika.

Nalitaja swali hili nikiwafikiria wanawake wa Paje na Jambiani, wanaoingia majini maji yakitoka, wakafunga mwani kwenye kamba, mgongo umeinama, tangu kilimo hicho kilipoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Fedha za mwani zimenunua mabati na saruji na zimesomesha watoto. Kiwanja mara nyingi ni cha mume au cha ukoo wake. Talaka ikija, mwanamke hufunga mizigo na kurudi kwao, na nyumba hubaki na mwenye kiwanja. Huko ni kula jasho la mtu, na fiqhi yetu inayo hukumu ya kula jasho la mtu.

Kwa hiyo masheikh wangu, nawaomba mambo matatu. Fatwa ya Ibn Ardun isomeshwe katika vyuo vyetu, na mwenye kuipinga aipinge kwa dalili, kama wanachuoni wa Fez walivyofanya. Makadhi wetu waandike hukumu zao na kuzichapisha, ili mwanamke wa Makunduchi ajue mwenziwe wa Wete alihukumiwa nini. Na nyinyi mnaofunga ndoa mwaka huu, andikeni mapema, mbele ya mashahidi, nani alitoa nini katika kujenga nyumba: saruji ya nani, mbao za nani, na kazi ya mikono ya nani.